UZI: Kisima cha gesi kikishafungwa kwa saruji, huanza kuvujia wapi?

#1 Mwana_Amu
Assalaam alaikum wanajamvi. Bonde letu la Lamu limetobolewa tangu zamani: Dodori-1 mwaka 1964 huko bara, Pate-1 mwaka 1971 kisiwani, kisha vya baharini, Pomboo 2007, Mbawa 2012, Sunbird 2014, hadi Mlima 2021-22. Kisima kisichoendelezwa huzibwa kwa plagi za saruji na kuachwa. Watu wa Faza na Kizingitini huuliza swali la haki: plagi ikishindwa, huanzia wapi? Rai yangu ni kwamba kosa ni la saruji yenyewe. Ikikorogwa vibaya, basi tena. Mwenye ujuzi anirekebishe, kwa hesabu tafadhali.

#2 Fundi_Uji
Waalaikum salaam. Kosa la saruji lipo, ila mara nyingi haliko kwenye kukoroga, liko kwenye kuweka.

Chukua kesingi, bomba la chuma linaloshikilia kuta za kisima, ya inchi 7, ile ya ratili 29 kwa futi. Kipenyo cha ndani ni milimita 157, kwa hiyo mita 100 zinameza lita 1,940 hivi. Saruji ya daraja G, ile ya visima, hupewa maji asilimia 44 ya uzito wake, na kila kilo 100 hutoa lita 76 za uji wa kilo 1.9 kwa lita. Plagi ya mita 100 basi ni tani 2.56 za saruji, mifuko 52 ya kilo 50, na maji lita 1,130. Ni uji kidogo mno, na unasukumwa ndani ya bomba la kuchimbia la kilomita mbili au tatu, mbele tope (udongo wa majimaji wa kuchimbia), nyuma tope. Ukichanganyika na tope, mita za juu hubaki laini kama samli.

Kwa hiyo kazi huenda hivi. Kwanza zungusha tope kisimani mpaka linaloingia na linalotoka liwe na uzito mmoja, kisha zima pampu na utazame kama kisima kinatiririka chenyewe. Pili weka msingi, plagi ya chuma au donge zito la bentonaiti (udongo unaovimba), kwa sababu uji wa 1.9 hauwezi kukaa juu ya tope la kilo 1.2 kwa lita. Utazama, tope litapanda, na plagi utaikuta pengine au usiikute kabisa. Tatu, tanguliza kitenganishi, maji ya kutenga tope na uji, cha kutosha kuosha ukuta kwa dakika kama 10, ndipo uji, ndipo kitenganishi tena, kipimo chake kikiwa cha kuleta kimo sawa ndani ya bomba na nje yake. Malizia kwa tope, lakini punguza kidogo ili safu ya ndani ishuke yenyewe. Nne, vuta bomba polepole, mita 10 kwa dakika. Anayevuta kwa haraka ananyonya tope kuingia katikati ya plagi. Ukishatoka juu yake, zungusha kinyume ili kusafisha, na uache ikae.

#3 Bi_Shela
Ahsante Fundi. Lita 1,130 ni mitungi 57 ya lita 20. Kisiwani maji matamu hayamwagwi ovyo. Je, maji ya bahari hayafai?

#4 Fundi_Uji
Bi Shela, yanafaa na hutumika, ila chumvi ya bahari huharakisha kuganda. Uji uliopimwa maabara kwa maji matamu ukapewa saa tano kabla ya kuganda, ukikorogwa kwa maji ya bahari unaweza kukukazia ndani ya bomba. Ukikazia ndani ya bomba, bomba halitoki. Sheria ni moja: pima kwa maji yale yale, saruji ya shehena ile ile, na joto la kule chini, kisha ongeza saa moja au mbili za akiba juu ya muda wa kazi.

Na joto si jambo dogo. Ukihesabu nyuzi 30 kwa kila kilomita, kisima cha mita 4,000 kina nyuzi kama 150 chini. Saruji tupu ikikaa juu ya nyuzi 110 hupoteza nguvu siku hadi siku na kuanza kupitisha maji. Dawa yake ni unga wa silika, asilimia 35 ya uzito wa saruji. Plagi ya chini kabisa isiyo na silika, mimi siiamini.

#5 Kesingi7
Naheshimu hesabu ya #2 lakini nyote mnatazama ndani ya kesingi. Gesi haiji ndani, inapita NJE. Kati ya kesingi na mwamba kuna nafasi, na visima vya miaka ya 60 na 70 havikujazwa saruji mpaka juu. Desturi ilikuwa mita mia kadhaa juu ya kiatu cha kesingi (ncha yake ya chini), kilichobaki ni tope la siku ile. Miaka inapita, barayti, ule unga unaolipa tope uzito, inatuama, juu linabaki maji. Safu iliyokuwa 1.4 inakuwa 1.0 na ushei. Presha iliyokuwa ikiibana gesi imeondoka bila mtu kugusa chochote. Hapo hata uweke plagi ya dhahabu ndani ya bomba, gesi itapanda pembeni yake.

#6 Nahodha_Faza
Hili la Kesingi7 mtu wa chombo analifahamu. Jahazi likivuja, hushindilii pamba katikati ya ubao. Maji huingia kwenye maungio, ndipo kalafati hupita hapo hapo, pamba na sifa, mpaka nyuzi zishike pande zote mbili. Plagi ya ndani tu ni kukalafati ubao mzima.

#7 Kesingi7
Barabara kabisa, nahodha. Ndiyo maana plagi ya kweli husomwa kwa upana wote: saruji ndani, chuma, saruji nje, mwamba. Ukikosa tabaka moja hujaziba.

#8 Mwana_Amu
Basi mjuaje saruji ya nje ipo, na ni chuma kimekaa mbele yake?

#9 Kesingi7
Kwa sauti. Chombo cha CBL, cha kupima mshiko wa saruji, hushushwa kwa waya, kinapiga mlio na kusikiliza futi tatu chini. Bomba lisiloshikwa na kitu hulia kama kengele: kwenye inchi 7 utasoma milivolti 62 hivi. Bomba lililokumbatiwa na saruji nzuri ni bubu, milivolti chache tu. Chombo lazima kisimame katikati ya bomba, kikiegemea upande kinasoma chini na kukudanganya kwamba saruji ni nzuri.

Mambo matatu ya kukumbuka. Tubingi, bomba jembamba la ndani, lazima itoke kwanza, chombo hiki hakioni kupitia mabomba mawili. CBL inatoa wastani wa mzunguko mzima, kwa hiyo mfereji mwembamba upande mmoja inaweza kuumeza, ndipo huongezwa kipimo cha mawimbi mafupi kinachochora ukuta mzima. Na mwanya mwembamba kama wembe kati ya chuma na saruji husomeka kama hakuna saruji kabisa. Pandisha presha ndani kwa psi 1,000 uvimbishe bomba, pima tena. Milivolti zikishuka, saruji ipo na mwanya upo.

#10 Tope_Zito
Mnapita haraka. Kuna sababu ya tatu, na kwa bonde hili naiona ya kwanza. Pate-1 ilipita mita 4,000 na kukutana na gesi yenye presha kubwa. Piga hesabu: mita 4,000, tope la 1.2, unapata bar 471. Mwamba ukiwa na presha inayotaka tope la 2.1, ni bar 824. Ukiwa pungufu, gesi inaingia. Dalili zake ni zile zile kila mahali: ncha inakata mwamba ghafla kwa kasi, tope linalorudi linazidi linaloingia, tangi linaongezeka, na pampu zikizimwa kisima kinaendelea kutiririka. Hapo husubiri idhini ya mtu. Inua bomba, zima pampu, funga BOP, zile vali kubwa za mdomo wa kisima, soma presha mbili, ya ndani ya bomba na ya pembeni.

Sasa saruji. Uji ukiwa bado maji maji unaibana gesi kwa uzito wake wote. Ukianza kushika, unajining'iniza kwenye kuta na uzito wake haufiki chini tena. Presha inashuka mpaka ile ya maji yaliyokorogea tu, na bado haujawa mgumu wa kuzuia kitu. Katikati hapo, nguvu ya kushika ikiwa kati ya Paskali 48 na 240, gesi inachimba vijia ndani ya uji. Ukiganda, vijia vinabaki. Koroga vizuri utakavyo, weka polepole utakavyo, kipindi hicho kikichukua saa mbili badala ya dakika 20 umepata bomba la gesi lililotengenezwa kwa saruji.

#11 Fundi_Uji
Tope_Zito hapo nakupa haki yako, na hilo si kosa la kuweka wala la kukoroga, ni la kuchagua uji. Ila usisahau kusinyaa. Saruji ikila maji yake hupungua ujazo wa ndani asilimia 4 hadi 6. Sehemu ya upungufu huo hutokea nje na kufungua ule mwanya wa wembe wa #9. Gesi ya namna hii haionekani wiki ya kwanza.

#12 Tope_Zito
Plagi yenye mwamba wenye maji pembeni haisinyai sana, inakunywa. Ndani ya chuma ndiko kuna shida. Hilo tusilifanye kanuni ya kila mahali.

#13 Kisauni_Malindi
Salamu kutoka Malindi. Mmejenga nyumba nzima bila kuuliza kama gesi ni ya kisima. Mikoko ya Lamu imekaa juu ya matope meusi yaliyojaa majani yaliyooza. Matope hayo hutoa methane siku zote, na harufu ya yai bovu ni yao pia. Mvuvi akiona mapovu maji yakijaa kando ya kisima cha zamani, nusu ya dhana ni matope, si saruji.

#14 Nahodha_Faza
Na utatofautisha vipi? Povu ni povu.

#15 Kisauni_Malindi
Kwa kuliteka. Faneli ya plastiki iliyogeuzwa mdomo chini, shingo yake ndani ya chupa ya kioo iliyojazwa maji, vyote chini ya uso wa maji. Mapovu yanapanda na kufukuza maji. Acha theluthi ya maji chupani, funga kizibo hapo hapo chini ya maji, ihifadhi chupa ikiwa kichwa chini ili maji yazibe mdomo. Weka dawa ya kuua bakteria la sivyo wataila sampuli njiani. Andika saa, hali ya maji kujaa au kupwa, na mahali.

Maabara inatazama mambo mawili. Gesi ya matope ni methane karibu tupu. Gesi ya kilomita nne chini huja na wenzake, ethane na propane. Kisha kaboni: methane ya bakteria kwa kawaida iko chini ya hasi 60 kwa kipimo cha kaboni-13, ile iliyopikwa na joto la ardhini iko hasi 50 kwenda juu. Katikati ni mchanganyiko, na hapo ndipo ubishi huanza upya.

#16 Kesingi7
Kisauni, gesi ya bakteria iko pia ardhini mita mia kadhaa, ndani ya mchanga, na kisima kibovu kinaweza kuipandisha vile vile. Sampuli ya "bakteria" haikiondolei kisima lawama.

#17 Kisauni_Malindi
Kweli. Ndiyo maana pima pia mahali pasipo na kisima, mkondo ule ule, mikoko ile ile. Bila kulinganisha hujui kitu.

#18 Mwana_Amu
Nashukuru, sasa nimeelewa kwamba swali langu lilikuwa dogo kuliko jambo. Niulize la ukaguzi. Ripoti ikisema "plagi imejaribiwa bar 70, imepita", tumalize hapo?

#19 Mzee_wa_Geji
La hasha. Uliza kwanza plagi imekalia nini. Ikiwa saruji imewekwa juu ya plagi ya chuma ambayo ilishajaribiwa, jaribio la presha linapima chuma tena, saruji hata ikiwa samli litapita. Hapo kipimo cha saruji ni kuigonga: shusha bomba, ilalie kwa tani 5 hadi 7, uone kama inabeba, na kina cha kugonga kiwe kile kilichopangwa. Ikigongwa mita 30 chini ya mpango, uji umekwenda mahali.

Sharti la Wanorway ni zuri kulijua: mita 100 kwenye shimo lisilo na kesingi, angalau 50 kati yake zikiwa juu ya mwamba wenye gesi. Ndani ya kesingi ni mita 50 ikiwa juu ya msingi wa chuma, bila msingi 100. Presha ni bar 70 juu ya ile inayopasua mwamba chini ya kesingi, bar 35 kwa plagi ya juu. Hiyo "bar 70" kavu kwenye ripoti haina maana mpaka ujue juu ya nini.

Tena jaribio la kusukuma toka juu si sawa na la kupunguza toka juu. Gesi inatoka chini. Ukitaka kujua kama itazuiwa, punguza uzito juu ya plagi, funga, utazame kama presha inapanda.

#20 Fundi_Uji
Niongeze: kikombe cha uji kilichoachwa staha si ushahidi wa kule chini. Juu ni nyuzi 30, chini 100 na zaidi. Kikombe kinaweza kuwa laini na plagi ngumu, au kinyume chake ikiwa uji umechafuka. Subiri nguvu ya kipimo cha maabara kwa joto la chini, angalau psi 500, ndipo ugonge.

#21 Tope_Zito
Hilo jaribio la kupunguza la #19 ndilo lililosomwa vibaya Macondo, kisima cha baharini Ghuba ya Meksiko, tarehe 20 Aprili 2010. Bomba la kuchimbia lilionyesha psi 1,400, mrija wa pembeni ukawa kimya. Wakatafuta maelezo ya kuiridhia ile 1,400 badala ya kuikubali kuwa kisima kinaongea. Watu 11 walikufa, mafuta yalimwagika siku 87. Geji mbili zilizounganishwa na nafasi moja zikisema maneno mawili, moja imezibwa au kisima ki hai. 

#22 Kesingi7
Na kisima cha Montara, kaskazini magharibi mwa Australia, Agosti 2009, kilimwaga siku 74. Pale kosa lilianzia kwenye saruji ya kiatu cha kesingi ya inchi 9 na 5/8. Vali za kiatu hazikushika, maji yakarudi, wakayasukuma tena ndani. Kwa kusukuma tena waliipeleka saruji nje ya kiatu na kuacha maji mahali pake. Hawakulijaribu. Kilichobaki juu kilikuwa kofia za kuzuia kutu, tena moja haikuwekwa.

#23 Mwana_Amu
Kwa hiyo Kesingi7 hata huko ulikosema "nje ya bomba" kisa kilikuwa ndani na chini?

#24 Kesingi7
Kiatu ni mlango wa ndani na wa nje kwa pamoja, mwanangu. Lakini nakubali, kisa hicho kinamfaa Fundi_Uji kuliko mimi.

#25 Bi_Shela
Mimi nabaki kwenye maji. Mji wa Lamu unakunywa maji yaliyokaa chini ya vilima vya mchanga vya Shela, matamu yakielea juu ya chumvi. Visima vya Pate navyo ni vya maji ya mvua iliyozama. Gesi hainywewi, lakini njia ya gesi ni njia ya chumvi pia. Nani anaangalia hapo?

#26 Mzee_wa_Geji
Bi Shela umegusa penyewe. Kesingi ya juu, mara nyingi ya inchi 13 na 3/8, kazi yake ya kwanza ni kukinga maji matamu, na hiyo saruji yake lazima ifike uso wa ardhi. Ikipungua hujazwa kutoka juu kwa mrija mwembamba. Kabla ya kuchimba chochote, visima vya maji vya jirani vipimwe chumvi, upitishaji umeme na methane, majira ya kiangazi na ya masika. Bila kipimo cha kabla, mwenye kisima cha maji hana cha kusimamia akilalamika baadaye. Sheria ya mazingira ya 1999 inataka tathmini ya athari. Mwananchi aombe vipimo hivyo viwe ndani ya tathmini kwa namba zake, kisima kwa kisima.

#27 Nahodha_Faza
Na baharini? Nyavu hunasa kwenye chuma kilichobaki chini.

#28 Kisauni_Malindi
Pomboo ilikuwa kwenye maji ya zaidi ya mita 2,000, ilichimbwa na Chikyu, ile meli ya utafiti ya Wajapani. Mbawa mita 860. Nyavu za huku hazifiki huko. Kwa maji mafupi ndipo kesingi hukatwa chini ya sakafu. Wamarekani hutaka futi 15.

#29 Tope_Zito
Ila kina hicho kina hatari yake wakati wa kufunga. Tuseme tope la 1.3 na maji mita 860. Ukiondoa bomba kubwa linalounganisha meli na sakafu, tope lile linakuwa maji ya bahari ya 1.03. Kisima kimepoteza bar 23 kwa mpigo mmoja. Plagi za chini ziwe zimeshajaribiwa KABLA ya hapo.

#30 Mwana_Amu
Swali la mwisho kwangu. Chati ya dakika 15, ilianza bar 100, ikaishia 97. Ni joto au ni mvujo?

#31 Mzee_wa_Geji
Tazama umbo la mstari. Kutulia kwa joto na hewa iliyonaswa huteremka haraka mwanzo kisha hulala. Mvujo huteremka kwa mwendo ule ule. Kisha tazama lita. Kesingi ya 9 na 5/8, mita 2,000, inachukua lita 76,000. Kuipandisha kwa bar 70 unasukuma lita 240 hivi kwa sababu maji yanabanwa. Wakiandika lita 400, nyingine zimekwenda wapi? Na wakifungulia, zirudi zile zile.

#32 Mwana_Amu
Na mstari ukiteremka kwa mwendo ule ule mpaka dakika ya 15, chati ikakatwa hapo?

#33 Mzee_wa_Geji
Irudiwe dakika 30, tope likiwa limetulia saa mbili, na geji iliyopimwa upya tarehe yake ikiwa kwenye chati. Lita za kuingia na kurudi ziandikwe kando yake.

#34 Fundi_Uji
Na namba ya shehena ya saruji.